Karatasi Moja, Kesi Mbili

Ukifungua faili la mama anayeshtakiwa kwa kushindwa kumlinda mwanawe, ripoti ya daktari isubiri kwanza. Tafuta karatasi ambayo mara nyingi hata haimo ndani ya faili: ripoti ya polisi ya miezi minane au mwaka mmoja kabla ya mtoto kuumizwa, siku jirani alipopiga 911, namba ya dharura ya Marekani, kwa kuwa alisikia mwanamke akibamizwa ukutani. Huwa ni ukurasa mmoja au miwili. Ina saa, anwani, namba ya askari, sentensi tatu nne zilizoandikwa harakaharaka, na chini kabisa mstari unaosema mlalamikaji hakutaka kuendelea na shauri.

Karatasi hiyo ndiyo kesi yenyewe. Wakili wa utetezi anaisoma na kusema: mama huyu alikuwa anapigwa, angemzuiaje mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa akimkimbia na kujifungia bafuni? Mwendesha mashtaka anaisoma ileile na kusema: kumbe alijua. Alijua mwanamume huyu ana mkono mwepesi, na bado akamwachia mtoto mchanga akaenda zake kazini. Hapo ndipo mawakili wengi wanaojitolea, wenye huruma tele na uzoefu haba, hukosea. Wanaingia mahakamani na rundo la ushahidi wa kipigo wakidhani kila karatasi inamkinga mama, kumbe nusu yake inamfungia mlango.

Haya ni mambo ya Marekani, ambako mashtaka ya namna hii yamekuwa na meno makali kuliko kwingi. Lakini Marekani ya leo ina maelfu ya familia zinazozungumza Kiswahili, hasa za wakimbizi kutoka Kongo, na mama wa Kiswahili akikamatwa kwa shitaka hili ana mitego miwili ya ziada ambayo mama mzaliwa wa huko hana. Tutaifikia.

Sheria zenyewe hazifanani, na wakili anayetoka kwenye mikataba ya benki akajitolea kesi moja kwa mwaka asidhani akisoma ya jimbo moja amezisoma zote. Oklahoma ina kifungu cha 843.5 katika sura ya 21 ya sheria zake, kinachozungumzia kuwezesha ukatili dhidi ya mtoto, na humo mna kosa la kuuruhusu. Kuruhusu, kwa maana ya sheria hiyo, ni kukubali au kuacha mtoto atunzwe na mtu ambaye unajua, au ulipaswa kwa akili ya kawaida kujua, kwamba mtoto atakuwa hatarini mikononi mwake. Yatazame maneno "ulipaswa kujua". Hayaulizi mama alijua nini usiku ule. Yanauliza mtu mwingine, aliyeketi kwenye kiti safi mahakamani miaka miwili baadaye, anadhani angejua nini. Adhabu yake inaanzia faini ya dola 500 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja katika jela ya kaunti, inapanda hadi kifungo cha maisha. Upana huo ni silaha ya mwendesha mashtaka: anaweza kukutisha kwa maisha ili ukubali miaka 20 na uondoke ukimshukuru.

Texas shitaka linaitwa kumjeruhi mtoto kwa kutotenda, na kama majeraha ni makubwa na ilithibitika mama alikusudia au alijua, kifungo ni kuanzia miaka 5 hadi 99, au maisha. Texas hiyohiyo imeweka utetezi maalumu ndani ya kifungu cha 22.04: mama aliyekuwa akipigwa na mtu huyohuyo, ambaye hakumdhuru mtoto yeye mwenyewe, na ambaye hakuamini kwa sababu za msingi kwamba jitihada zake za kumzuia mwanamume zingesaidia kitu. Minnesota na Iowa nazo zina mlango wa aina hiyo kwa mama aliyekuwa na hofu yenye msingi kwamba akiingilia, yeye au mtoto ataumizwa zaidi. Lakini soma sharti. Huko Texas ni mshtakiwa anayebeba mzigo wa kuuthibitisha utetezi huo, na kama kuna ushahidi kwamba kabla ya siku ya tukio alikwisha kujua mtoto amewahi kuumizwa asitoe taarifa, mlango umefungwa. Ile karatasi yetu inarudi tena.

Na jimbo likikosa kifungu, mahakama hujitengenezea njia. North Carolina mwaka 1982, katika kesi ya State dhidi ya Walden, mahakama kuu ya jimbo ilisema mzazi aliyekuwepo mtoto akipigwa, asichukue hatua anazoziweza kwa busara, anaweza kutiwa hatiani kama mshiriki wa kipigo hicho.

Matokeo yake yanajulikana. Oklahoma mwaka 2006, mama mmoja kijana alikiri kosa bila makubaliano yoyote na upande wa mashtaka, akijiweka mikononi mwa hakimu. Akapewa miaka 30. Mwanamume aliyewavunja watoto mifupa alipata miaka 10, minane ikasitishwa, miwili alikuwa ameshaimaliza mahabusu, akatoka. Mama alikaa gerezani hadi Novemba 2019, gavana Kevin Stitt alipompunguzia kifungo kufuatia kampeni ya miaka mingi na kazi ya mawakili wa ACLU ya Oklahoma, shirika la kutetea haki za kiraia. Uchunguzi wa chombo cha habari cha BuzzFeed News wa mwaka 2014 ulikuta akina mama 28 katika majimbo 11 waliofungwa miaka 10 au zaidi kwa mashtaka kama hayo, na katika kila kesi kulikuwa na ushahidi kwamba mama naye alikuwa akipigwa na mwanamume huyohuyo.

Sasa, wakili wa kujitolea ana nafasi gani hapa? Kila mshtakiwa wa kosa kubwa Marekani ana haki ya wakili tangu hukumu ya Gideon ya 1963 ya mahakama ya juu ya nchi, kwa hiyo mama huyu tayari ana mtu: wakili wa umma mwenye mafaili hadi shingoni, au wakili binafsi anayelipwa na mahakama kwa saa. Malipo hayo yamewahi kuwa ya aibu. New York, hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakili wa mzazi maskini alilipwa dola 40 kwa saa akiwa mahakamani na 25 akiwa nje, na mtu anayelipwa 25 kumtafuta jirani shahidi hamtafuti. Wakili wa kujitolea anayekuja kumnyang'anya wakili wa umma kesi ni mzigo. Anayekuja kukaa upande wake wa kulia na kubeba anachokosa muda wa kukibeba ni baraka. Wakili wa umma anajua jina la kila hakimu na tabia ya kila mwendesha mashtaka wa kaunti, na anajua kuhoji shahidi. Kampuni kubwa ya sheria ina watu wa kusoma kurasa 3,000 za hospitali, kutazama saa 40 za video za kamera za kifuani za askari, kulipia daktari bingwa na kuandika maombi ya kisheria usiku. Kanuni ya chama cha mawakili wa Marekani inahimiza saa 50 za kujitolea kwa mwaka. Kwa kesi hii saa hizo zitakwisha kwenye kusoma tu, kabla hujampata shahidi hata mmoja. Asiyeweza kuahidi mamia ya saa achukue kipande kilichokatwa vizuri, kama rekodi za hospitali peke yake, na aandike hivyo kwenye barua ya makubaliano.

Siku za kwanza zina mambo matatu ambayo hayasubiri.

La kwanza ni mdomo. Simu za jela hurekodiwa, na kuzungumza Kiswahili si kinga. Mwendesha mashtaka ana bajeti ya wakalimani. Mama anayempigia dada yake na kusema "ningejua ningeondoka mapema" ameandika sentensi itakayosomwa mbele ya jopo la raia 12. Barua na meseji ni vivyo hivyo.

La pili ni nani analipa. Katika familia zetu ukoo huchanga, na mara nyingi wanaochanga ni ndugu wa mume. Wanamleta wakili mmoja "wa familia", wa kumtetea baba na mama pamoja. Kataa siku hiyohiyo. Utetezi wa mama, hata ufanywe kwa upole kiasi gani, unaelekea kwa baba. Na wakili mmoja hawezi kuvuta kamba ncha zote mbili. Kama wameshtakiwa pamoja, omba kesi zitenganishwe. Maelezo ya mwanamume kwa polisi yanayomtaja mama yana hukumu yake maalumu, ya Bruton ya 1968, inayozuia yatumike dhidi ya mama katika kesi ya pamoja ikiwa mwanamume hatapanda kizimbani kuhojiwa.

La tatu ni barua za kuhifadhi ushahidi. Sauti za simu za 911 hufutwa kila baada ya muda, kwingine miezi michache tu. Video za duka, kamera za mlangoni kwa jirani, kumbukumbu za kuingia na kutoka kazini, kadi ya basi: zote zina umri. Barua ya ukurasa mmoja iende kwa kila mwenye rekodi ndani ya wiki ya kwanza, kwa njia inayoacha risiti.

Halafu kuna mahakama ya pili, na hii huwaangusha hata wazoefu. Wakati kesi ya jinai inatambaa, mahakama ya watoto inakimbia. Watoto wamechukuliwa, afisa ustawi ameandaa mpango wa kuwarudisha, na ndani ya mpango kuna mstari: mama akubali kwamba alishindwa kuwalinda, ndipo apewe ushauri nasaha, ndipo aonekane amebadilika. Akikubali, maneno yake yanaweza kuvuka barabara hadi mahakama ya jinai. Akinyamaza, katika majimbo mengi hakimu wa watoto anaruhusiwa kuhesabu ukimya wake dhidi yake, kwa sababu shauri hilo si la jinai. Na saa inagonga: sheria ya shirikisho ya 1997 inaitaka serikali, isipokuwa katika hali chache, ifungue shauri la kumvua mzazi haki zake mtoto akishakaa kwa walezi miezi 15 kati ya 22 iliyopita. Mama aliyekosa dhamana anaweza kuitumia miezi hiyo yote mahabusu.

Njia ipo, ni nyembamba. Mawakili wa kesi zote mbili lazima wazungumze kila wiki, si kila mwezi. Omba amri ya mahakama ya watoto kwamba maneno ya mama kwenye ushauri nasaha yasitumike katika jinai. Majimbo mengine hutoa, mengine hapana, lakini usipoomba hupewi. Andika upya lugha ya mpango: badala ya "nilishindwa kumlinda", "naelewa mwanangu aliumizwa, na nitafanya haya na haya ili asikutane tena na mtu huyo". Maafisa wengi hukubali sentensi hiyo ukiwapelekea ikiwa imeshaandikwa. Pale New York kuna nguzo ya kuegemea: hukumu ya Nicholson ya 2004, ambapo mahakama ya juu ya jimbo ilisema mtoto kushuhudia mama akipigwa hakutoshi peke yake kumwita mama mzembe. Kipimo ni kile ambacho mzazi mwenye busara angefanya akiwa katika hali ileile: hatari ya kuondoka, hatari ya kubaki, hatari ya kwenda serikalini, ukali wa kipigo, na nini alikuwa nacho mkononi. Hata nje ya New York orodha hiyo ni ramani nzuri ya ushahidi wa kutafuta.

Twende hospitali, maana kesi nyingi huamuliwa hapo na wengi hupita haraka. Mtoto wa chini ya miaka miwili anayeshukiwa kupigwa hupigwa picha za eksirei za mifupa ya mwili mzima, na kwa kawaida hurudiwa baada ya wiki mbili hivi. Kwa nini kurudia? Kwa sababu mbavu za mtoto mchanga zikivunjika leo, eksirei ya leo inaweza isionyeshe kitu. Mfupa ukishaanza kujiunga, kwa kawaida baada ya siku 7 hadi 14, ndipo unaonekana wazi. Shika hapo. Kama daktari bingwa na mashine yake hakuona siku ya kwanza, mama aliyekuwa anambadilisha mtoto nepi saa kumi na moja alfajiri angeona nini? Mbavu zilizovunjika mara nyingi haziachi alama juu ya ngozi. Mtoto hulia, na mtoto wa miezi miwili hulia kwa mchango, kwa njaa, kwa joto. Muulize daktari wa mashtaka swali hilo polepole, jeraha moja baada ya jingine: hili lingeonekana kwa macho? Na hili? Na kama yupo anayedai michubuko ilikuwa ya siku nne kwa sababu rangi yake ilikuwa ya kijani, mletee daktari mwenzake. Kukadiria umri wa mchubuko kwa rangi hakutegemeki, na madaktari wa watoto wenyewe wanalisema.

Kutoka hapo tengeneza jedwali la saa. Safu moja ni majeraha na kipindi ambacho kila moja lingeweza kutokea. Safu ya pili mama alikuwa wapi: aliingia kazini saa 4:58 usiku, akatoka saa 1:04 asubuhi, akapanda basi saa 1:31. Safu ya tatu nani alikuwa na mtoto. Safu ya nne mama aliambiwa nini, na nani, kwa meseji gani. Jedwali hilo likikaa sawa, linapunguza "alipaswa kujua" hadi saa chache. Lisipokaa sawa, bora ulijue wewe kwanza.

Na ile ripoti ya polisi? Usiifiche, mwendesha mashtaka anayo. Kazi ni kuizungushia karatasi nyingine. Ripoti moja ikisimama peke yake inasema "alijua". Ikisimama katikati ya mwaka mzima inaweza kusema kitu kingine. Kipo kipimo kinachotumiwa sana, cha kukadiria hatari ya mwanamke kuuawa na mwenzi wake, kilichoandaliwa na muuguzi na mtafiti Jacquelyn Campbell katika miaka ya 1980. Kina maswali 20, lakini kabla ya maswali kuna kalenda. Mama anapewa kalenda ya mwaka uliopita, anaweka alama siku alizopigwa, na namba ya ukali. Asikimbizwe. Atakumbuka kwa kupitia siku ya kuzaliwa ya mtoto, mshahara, Idi, Krismasi. Kalenda ikishajaa, angalia vitu viwili. Kwanza, je, alama zote zinamhusu yeye? Je, kuna hata moja inayomhusu mtoto? Mwanamume anayempiga mke kwa miaka mitatu bila kumgusa mtoto amemfundisha mama somo moja kila siku: hasira yake ni kwangu. Pili, nini kilitokea kila alipojaribu kuondoka au kuita polisi. Kama baada ya ile simu ya 911 mwanamume alirudi siku mbili baadaye akamkaba koo, basi ule mstari wa mwisho wa ripoti, kwamba hakutaka kuendelea na shauri, umepata maelezo. Kukabwa koo na bunduki ndani ya nyumba ni miongoni mwa dalili nzito kabisa za kipimo hicho, na kipindi cha kutengana ni cha hatari kubwa. Jopo linahitaji kulisikia hilo kutoka kwa shahidi mtaalamu kabla halijajiuliza lile swali ambalo litajiuliza tu: kwa nini hakuondoka?

Onyo dogo kuhusu mila. Wakili mgeni akisikia kwamba msichana wetu hufundwa, kwamba huambiwa siri za nyumba zisitoke nje, na kwamba siri ya mtungi aijuaye kata, hufurahi kama aliyeokota dhahabu. Atulie. Jopo likisikia "kwao ndivyo walivyo", halimwachilii mama, linamwogopa zaidi. Mila itumike kueleza jambo moja dogo linaloonekana kwenye ushahidi, kwa mfano kwa nini alimwambia shangazi na si polisi, na shangazi mwenyewe aje aseme aliambiwa lini.

Sasa ile mitego miwili. Wa kwanza ni lugha yenyewe.

Chukua sentensi ambayo mama yeyote angeitamka chumba cha mahojiano: "Nilimwacha mtoto na baba yake nikaenda kazini." Kuacha, kwetu, ni kuondoka ukabakiza kitu. Pia ni kuruhusu, ni kutelekeza, ni kukoma, na hata ni kutoa talaka. Mkalimani wa simu, aliyeamka usiku na hajui sheria ya jimbo, akichagua neno la kuruhusu, ametia kinywani mwa mama neno lilelile la kifungu cha sheria. Akichagua la kutelekeza, ni balaa jingine. Au "alikuwa anampiga": kofi la mkononi kwa mtoto aliyeshika jiko, au mateke? Kiswahili kinaweka vyote kwenye piga na kumwachia msikilizaji. Mama wa Bukavu au Lubumbashi akisema "anapigaka", ile -ka ya mwisho inabeba mazoea, na mkalimani wa Dar es Salaam anaweza kuipita bila kuisikia, au akaisikia na kuiweka mahali isipokuwepo. Wengine, Kiswahili ni lugha yao ya pili. Ya kuumia nayo ni Kibembe, Kifuliiru au Kinyamulenge.

Kisha maswali ya kukanusha. Askari anauliza, kupitia mkalimani, "Hukumwona akimtikisa mtoto?" Mama anajibu "Ndiyo." Kwa Kiswahili amesema: ni kweli, sikumwona. Kwenye karatasi ya Kiingereza amekubali kuwa alimwona. Na lipo la msiba. Mama aliyefiwa hujilaumu kwa sauti, "mimi ndiye niliyemuua mwanangu", na kila aliyekaa naye mkekani anajua ni kilio. Korido ya hospitali haina mkeka, ina askari mwenye daftari.

Kwa hiyo: dai sauti au video ya mahojiano, si muhtasari. Mpe mkalimani wako mwenyewe aliyethibitishwa na mahakama, anayetoka karibu na kwao mama, aandike neno kwa neno Kiswahili chote kisha tafsiri kando, na pale penye utata aeleze utata ulipo. Angalia kama mama alielezwa haki ya kunyamaza kwa lugha anayoielewa, na kama aliyetafsiri alikuwa shemeji yake au mtoto wake wa miaka 11, jambo ambalo hutokea. Vyombo vinavyopokea fedha za shirikisho vinawajibika kutoa huduma ya lugha chini ya sheria ya haki za kiraia ya 1964, na ukiukaji huo unaweza kutajwa kama hoja ya nyongeza kwenye ombi la kuyaondoa maelezo.

Mtego wa pili ni uhamiaji. Sheria ya shirikisho inaruhusu kumfukuza nchini mtu asiye raia aliyetiwa hatiani kwa kumdhulumu, kutomjali au kumtelekeza mtoto, na bodi ya rufaa za uhamiaji imeyatafsiri maneno hayo kwa upana: katika uamuzi wa Soram wa 2010, kumweka mtoto hatarini kulitosha hata bila jeraha. Hivyo mpango unaoonekana mtamu, kosa dogo la uzembe bila siku moja ya jela, unaweza kuwa tiketi ya ndege. Kuacha kupinga shitaka bila kutamka kwamba ulitenda kosa, njia ambayo mahakama nyingi za huko huiruhusu, hakusaidii. Hukumu iliyoahirishwa ambayo jimbo litaifuta baada ya miaka miwili pia haisaidii. Kwa uhamiaji, kukiri pamoja na masharti yoyote aliyowekewa ni kutiwa hatiani. Tangu hukumu ya Padilla ya 2010 wakili wa jinai ana wajibu wa kumweleza mteja haya. Mweke mwanasheria wa uhamiaji mezani kabla ya mazungumzo ya kukiri, na tafuta kosa ambalo mtoto hayumo kabisa ndani ya maelezo yake, wala kwenye ukurasa wa ukweli wa tukio unaosomwa siku ya kukiri. Uliza pia kuhusu daftari la jimbo la watu waliodhulumu watoto. Jina likiingia humo, kazi ya kulea watoto na mara nyingi ya kutunza wazee, kazi inayolisha nyumba nyingi za Waafrika huko, inaweza kuota mbawa hata jinai ikifutwa. Muda wa kukata rufaa dhidi ya kuandikwa humo huwa mfupi na hukimbia kivyake.

Kabla ya kukubali namba yoyote ya miaka, jiulize jimbo linazihesabu vipi. Oklahoma ina orodha ya makosa ambayo mfungwa lazima amalize asilimia 85 kabla ya kufikiriwa kwa msamaha wa masharti. Hakikisha kosa unalokiri liko ndani au nje ya orodha hiyo, kwa maandishi. Na usimpeleke mama mbele ya hakimu akiri bila makubaliano eti kwa kuwa hakimu ana sura ya upole. Kesi ya 2006 inatosha kuwa kumbukumbu.

Baada ya hukumu kazi haijaisha, na kwa mawakili wa kujitolea hapa ndipo kuna uwanja mpana, kwa sababu wakili wa umma wa kesi ya kwanza ameshaondoka. New York tangu 2019 ina sheria inayomwezesha mfungwa aliyekuwa akipigwa, mwenye kifungo cha miaka 8 au zaidi kwa kosa lililotendwa kabla ya sheria hiyo kuanza, kuomba kipunguzwe ikiwa kipigo kilichangia kwa kiasi kikubwa kosa lake. Oklahoma, baada ya gavana kuukataa muswada wa kwanza, ilipitisha sheria yake ya walionusurika mwaka 2024. Maombi haya hayafunguliwi kwa simulizi peke yake. New York inataka vithibitisho visivyopungua viwili, na angalau kimoja kiwe cha aina iliyotajwa na sheria: rekodi ya mahakama, ya hospitali, ya ustawi wa jamii, amri ya ulinzi, kiapo cha shahidi aliyeona, au rekodi ya polisi.

Rekodi ya polisi. Ule ukurasa mmoja wenye sentensi tatu nne na mstari wa mwisho wa kukataa kuendelea na shauri, ambao mwendesha mashtaka aliupunga mbele ya jopo kuonyesha kwamba mama alijua, sasa ndio unaofungua mlango wa ombi. Basi omba nakala yake iliyogongwa muhuri mapema, kesi ya kwanza ikiwa bado mbichi, kwa sababu idara za polisi nazo huchana makaratasi ya zamani, na picha iliyopigwa kwa simu haitoshi. Moja iwe kwenye faili la ofisi, moja kwa wakili wa uhamiaji, na moja apewe ndugu wa mama anayeaminika, aiweke na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.